Mbona ulikata mahindi yangu?

Mbele yangu ipo barua ya mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, mwanachama wa kikundi cha upigaji picha shuleni mwao. Kila likizo, asema, huazima simu ya mjomba wake na kuingia katikati ya jiji la Nairobi kutafuta sura za watu: wachuuzi, makanga, wang'arisha viatu, akina mama wanaosubiri matatu na mizigo yao. Hana taa, hana kiti cha kumkalisha mtu, hana muda wa kumwambia mtu atabasamu. Anaona, anapiga, basi. Lakini jioni akizitazama picha zake huvunjika moyo. "Nilimwona mzee mwenye uso wa ajabu," aandika, "lakini kwenye picha ni mzee aliyeota nguzo ya stima kichwani."

Kisha anauliza: Je, mpigapicha afaa kuipanga picha yake vyema pale pale barabarani, ama apige upesi kabla mtu hajaondoka, halafu akate kingo zake baadaye akiwa ametulia nyumbani?

Habari ya nguzo nitaijibu bila shida. Hiyo ya kukata imenikalia kooni tangu barua ifike, na nikifika mahali pake utajua ni kwa nini.

Tuanze basi na nguzo. Jicho la binadamu lina upendeleo. Ukimwona mtu anayekuvutia, akili yako humchukua yeye na kuyasahau yaliyo nyuma yake yote: nguzo, kibao cha daktari wa meno, mkia wa matatu. Kamera haina upendeleo huo. Huchukua kila kitu, na zaidi ya hayo huyabana ya mbali na ya karibu yakalala pamoja kwenye karatasi moja bapa. Nguzo iliyokuwa mita kumi nyuma ya mzee sasa yamwotea utosini. Wala dawa yake si kukata, maana ukiikata nguzo utakata na kichwa. Dawa ni nusu hatua kushoto au kulia, au kukunja magoti kidogo, kabla ya kubonyeza.

Bora zaidi ni kufanya kama mvuvi wa mshipi. Mvuvi hakimbizani na samaki. Huchagua mahali, akatulia. Tafuta kwanza mandhari safi ya nyuma, mathalan mlango wa duka uliopakwa rangi moja, ukuta usio na maandishi, au giza la ndani ya kichochoro, kisha ngoja watu wapite mbele yake. Jijini hawakosi kupita. Na uchague penye kivuli. Nairobi iko karibu mno na ikweta, na saa sita mchana jua likiwa juu ya vichwa macho ya watu huwa mashimo mawili meusi, hasa wa kofia. Mtu akisimama ukingoni mwa baraza akitazama nje, mwanga wa barabara humrudia usoni taratibu, hata makunyanzi yake yakasomeka. Jihadhari tu na anga nyeupe iliyo nyuma ya mtu mwenye ngozi nyeusi. Kamera huhadaika, ikaitunza anga na kuuacha uso kizani. Gusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu ili mwanga upimwe hapo.

Walimu wazuri wa mambo haya wako mjini, na wengi wao hawakupitia chuo chochote. Nenda uwanjani pa KICC, jumba lililokamilika mwaka 1973, uwatazame wapigapicha wa pale wakiwa kazini. Mteja wao mara nyingi ni mtu aliyetoka mbali, na anataka mambo mawili: jumba lote lionekane hadi juu, na yeye mwenyewe aonekane wote hadi viatu. Sasa jaribu wewe. Ukisimama wima utapata viatu na nusu ya jumba, ama jumba zima na mteja asiye na miguu. Wenyewe hupiga goti, wakaishusha kamera karibu na sakafu, wakamwita mteja aje karibu nao na mbali na jumba, halafu wakamsogeza kando kidogo ili mnara usimee kichwani mwake. Yote hayo huchukua muda mfupi kuliko nilivyochukua mimi kuyaandika.

Kuna wataalamu watakaokwambia kwamba katika picha hiyo uso ni mdogo mno. Naam, ni mdogo. Lakini mteja hakulipia uso. Uso wake kwao wanaujua. Alilipia ushahidi kwamba alifika Nairobi, na kwamba alifika akiwa amevaa viatu. Mkatie viatu uone kama atakulipa.

Sasa tuje kwenye kukata. Wako wanaoshikilia kwamba picha haikatwi kamwe: ulichokiona ndicho ulichokipiga, na kama hukukiona vyema ni shauri yako. Mfaransa Henri Cartier-Bresson, aliyezaliwa 1908 akafariki 2004, ndiye kiongozi wa madhehebu hayo. Alizunguka dunia na kamera ndogo ya Leica, mara nyingi akiwa na lenzi ile ile ya milimita 50, na alitaka picha zake zichapishwe nzima bila kuguswa. (Kwa wanaopenda kujua, yeye mwenyewe alisema kilichomwasha moto wa kupiga picha ni kazi ya Mhungaria mmoja, Martin Munkácsi, ya wavulana watatu Waafrika wakikimbilia mawimbini, picha inayojulikana kwa jina la Ziwa Tanganyika.) Lakini hata yeye alipitiwa. Picha yake mashuhuri ya mwaka 1932, ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya kituo cha reli cha Saint-Lazare mjini Paris, ilikatwa. Alikuwa ameipenyeza lenzi kati ya mbao za uzio, na ubao ukaziba upande wa kushoto. Angefanyaje?

Upande wa pili kuna picha ambayo bila shaka umeiona, ikiwa si kwenye fulana basi kwenye ukuta: uso wa Che Guevara, kofia yenye nyota, macho yakitazama mbali. Aliyeipiga ni Mkyuba Alberto Korda, tarehe 5 Machi 1960, mjini Havana, kwenye mkutano wa kuwaomboleza waliouawa na mlipuko wa meli La Coubre siku iliyotangulia. Guevara alijitokeza mbele ya jukwaa kwa muda mfupi tu. Korda aliwahi kupiga mara mbili, kisha mtu wake akarudi nyuma. Katika picha yenyewe, iliyolala, kuna mtu mwingine upande mmoja, anaonekana uso wa kando, na upande wa pili yananing'inia majani ya mti wa jamii ya mnazi. Gazeti alilolifanyia kazi halikuitumia. Korda akakata pande zote mbili, jirani akaenda, mti ukaenda, picha iliyolala ikasimama, akaitundika kwenye ukuta wa studio yake. Mwaka 1967 alimpa nakala mchapishaji Mwitaliano, Giangiacomo Feltrinelli, na Guevara alipouawa Bolivia mwezi Oktoba mwaka huo huo, uso ule ulisambaa kila pembe ya dunia.

Hebu fikiri kilichotokea. Katika picha nzima mtu yule yuko mahali fulani, siku fulani, kwenye matanga, na kuna mwenzake kando. Katika iliyokatwa hayuko popote. Ndiyo maana anaingia kwenye fulana ya mtu yeyote, awe anajua habari zake au hajui. Sisemi Korda alikosea. Alikuwa na jicho, na alijua uso aliokuwa nao. Nasema tu kwamba makasi yake yalifanya kazi kubwa kuliko kuondoa mti.

Na kuna kukata kusikotumia makasi. Ni kukata kwa miguu. Mwezi Machi mwaka 1936, Mmarekani Dorothea Lange alikuwa akirudi nyumbani kwa gari huko California alipoipita kambi ya vibarua wa kuchuma njegere karibu na Nipomo. Alikwenda mbele kilomita zipatazo 30, moyo ukamsuta, akageuza gari. Akamkuta mama mmoja na watoto wake ndani ya hema. Katika picha zake za mbali utaona hema, mizigo, kiti, na binti mkubwa. Lakini alipiga akisogea, akapiga akisogea, na ile inayojulikana kote ulimwenguni ina mama tu, kitoto mapajani, na wawili waliompa mpigapicha visogo wakiegemea mabega ya mama yao. Hema limekwisha. Mizigo imekwisha. Umebaki wasiwasi mtupu, na mkono shavuni. Lange hakuuliza jina la mama yule. Lilijulikana mwaka 1978, mwandishi wa gazeti alipompata Florence Owens Thompson, na hakuwa na furaha. Alisema anatamani asingalipigwa picha ile, na kwamba hakuwahi kupata hata senti moja kutokana nayo. Miaka 42 watu walimtazama na kumwonea huruma, na yeye alikuwa akilea watoto na kufanya kazi.

Hapo ndipo pale nilipokuwa nikipaogopa.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa ningali mgeni katika kazi hii, nilitumwa kuandika makala kuhusu bei ya unga, ambayo ilikuwa imepanda. Nilizunguka Eastlands kutwa nzima na kamera begani. Kando ya Barabara ya Jogoo nilimkuta mama mmoja akichoma mahindi. Makanga alikuwa amesimama mbele yake, hindi mkononi, mguu mmoja ukitaka kulikimbilia gari lake, na mama alikuwa akimnyooshea chenji kwenye kiganja. Alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda, kwa hiyo ilimbidi ainue uso kumtazama. Moshi ulikuwa umemwingia machoni akakunja uso. Niliinua kamera nikapiga mara moja. Wala sikumsemesha. Nilikuwa na haraka kama yule makanga.

Picha ilikuwa nzuri, nasema hivyo bila kujisifu. Kushoto makanga, kulia mama, mkono wake ukiwaunganisha wawili hao kama daraja, chini jiko na mahindi matano yaliyoiva, nyuma gunia lililosimama.

Jioni ofisini nikaambiwa nafasi iliyobaki ukurasani ni ya safu moja, picha ya kusimama. Yangu ilikuwa ya kulala. Nilikuwa na dakika kama kumi hivi. Nikaketi mbele ya kompyuta nikaanza kukata. Kwanza alitoka makanga, kwa kuwa alikuwa ameipa kamera kisogo. Halafu jiko, kwa kuwa nilitaka uso uwe mkubwa. Gunia likafuatana na jiko. Nikajiegemeza kitini nikatazama: uso uliokunjamana, macho yaliyotazama juu, kiganja wazi chenye sarafu. Nikaona hii kweli ina nguvu. Chini yake nikaandika kwamba maisha yamekuwa magumu kwa wakazi wengi wa Nairobi. Haukuwa uwongo. Na hakuna aliyenishika mkono. Aliyekata ni mimi.

Wiki mbili baadaye nilipita pale nikiwa na njaa. Nikamwamkua mama, nikachagua hindi. Alinitazama, akalipindua hindi, akanitazama tena.

"Wewe si yule wa kamera?"

"Ndiye mimi, mama," nikajibu nikichekelea. "Uliiona picha?"

Hakunijibu. Alipeleka mkono chini ya kreti akatoa bahasha, na ndani ya bahasha kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne. Akakikunjua juu ya goti lake.

"Mwanangu, mbona ulikata mahindi yangu?"

Sikumwelewa upesi. Akanieleza polepole. Binti yake, aliyekuwa darasa la sita, aliambiwa na wenzake kwamba mama yake ni ombaomba wa mjini na kwamba gazeti limemwanika. Mwalimu akamwita kando kumuuliza kama nyumbani wanakula. Majirani wa ploti wakawawekea pakiti ya unga mlangoni, kwa nia njema kabisa, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

"Mimi naamka saa kumi alfajiri kwenda Marikiti," akasema. "Hawa watoto wanasoma kwa mahindi haya. Huyu wa gazeti hafanyi kazi yoyote."

Nilitaka kumweleza habari ya safu moja, na ya picha inayolala na picha inayosimama. Namshukuru Mungu sikufungua mdomo. Nililipa, akanirudishia chenji kwenye kiganja kile kile, nami nikaondoka na hindi ambalo sikulila.

Ofisini niliomba tuichapishe picha nzima. Jibu nililopewa lilikuwa la adabu: sahihisho huchapishwa pale jina linapokosewa, au idadi, au mahali. Hapa ni nini kilichokosewa? Mama ni yule yule, mkono ni wake, sarafu ni zake. Nikakosa la kusema, maana hata mimi nilipolisaka kosa kwenye maandishi sikuliona. Halikuwa kwenye maandishi.

Tangu siku ile, kabla sijakata kitu chochote ukingoni mwa picha, hujiuliza: kitu hiki kikitoka, huyu mtu ataonekana akifanya nini? Fundi viatu bila kiatu ni mtu anayekodolea mapaja yake macho. Mama aliyeinua mkono kusimamisha matatu, ukiikata matatu, anamtisha mtu. Kijana anayekimbilia basi, ukilikata basi, katika Nairobi hii umekwisha kumfanya mwizi. Kwa hiyo ndugu mwanafunzi, kata bega la mpita njia lililochungulia pembeni. Kata pipa la taka. Kata ile karatasi nyeupe ukingoni inayolivuta jicho bila sababu, na anga iliyozidi. Lakini mikono ya mtu anayefanya kazi, pamoja na kile mikono ilichoshika, iogope kama moto.

Ukimkata mtu, usimkate kwenye maungo. Picha inayoishia kwenye kifundo cha mguu, gotini au kwenye kiwiko humwacha mtu kama aliyepata ajali. Ishia katikati ya paja, au kiunoni, au kifuani, na macho yatakubali. Ikiwa anatazama upande, mwachie nafasi upande huo anaotazama. Ukimbana pua na ukingo ataonekana kama amewekwa kizuizini. Sheria hizi si msahafu, na mara nyingine mtu aliyebanwa ndiyo picha yenyewe, mathalan abiria kwenye dirisha la matatu saa kumi na mbili jioni.

Usitegemee sana kukata, hata hivyo, kwa sababu kuna hesabu yake. Simu ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000. Ukikata ukabaki na nusu ya upana na nusu ya kimo, hukubaki na nusu ya picha. Umebaki na robo, yaani megapikseli tatu. Ukiichapisha kwa kipimo kizuri cha nukta 300 kwa inchi utapata picha ya sentimita kama 17 kwa 13, ambayo yafaa kwa albamu. Ikate nusu tena kwa mtindo huo huo na itakutosha stempu kadhaa. Kuivuta picha kwa vidole viwili kwenye kioo kabla ya kupiga nako, kwenye simu nyingi, ni kukata kule kule kwa jina jingine. Heri utembee. Lakini usimsogelee mtu hadi puani kwa lenzi pana ya simu, pua itakuwa kubwa na masikio yatajificha nyuma. Mita moja na nusu hivi yatosha, na ni umbali ambao watu wawili waweza kusemezana.

Na hilo la kusemezana ndilo gumu kwa wengi. Ukiomba kwanza, mtu hujikaza, hurekebisha kola, na ule uso uliokuvutia ukatoroka. Usipoomba, umeiba. Mtindo wangu ni huu: napiga, nashusha kamera, natabasamu, naenda kwake na kumwonyesha. Akikataa naifuta mbele yake. Nimefuta picha nzuri sana kwa njia hiyo, nyingine mpaka leo zinaniuma. Kwa watoto sifanyi hivyo kabisa. Namtafuta mzazi kwanza. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 si ya kampuni za simu na benki pekee. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi wao, na klabu moja ya burudani Sh1,850,000 kwa kuanika sura ya mteja wake. Kwa hiyo wewe unayepiga picha za wenzako uwanjani pa shule na kuzitupa mitandaoni, zungumza kwanza na mwalimu wako.

Kwa yule mama nilirudi. Si upesi. Ilinichukua miezi kupata uso wa kurudi. Safari hii niliomba, akanyamaza kidogo, akasema sawa, lakini yeye ndiye atakayepanga.

Akaanza kwa kupepea makaa mpaka yakawa mekundu. Akachagua mahindi yaliyoiva vizuri akayaweka mbele, mabichi nyuma. Gunia alilivuta karibu na kreti. Ilikuwa Jumamosi na binti yake alikuwapo, akamwita asimame kando yake na kumpa kile kipepeo ashike. Kisha akanigeukia.

"Rudi nyuma."

Nikarudi.

"Bado."

Nikarudi tena.

"Bado, mwanangu, jiko halijaingia."

Alijuaje halijaingia sijui, lakini kweli halikuwa limeingia. Nilirudi hadi visigino vikafika ukingoni mwa mtaro. Sasa vyote vilikuwamo: jiko, mahindi, gunia, kreti, binti. Na kutoka utosini mwa mama, moja kwa moja hadi juu, nguzo ya stima.

"Mama," nikamwambia, "sogea kushoto kidogo. Nguzo imekutokea kichwani."

Akageuka akaitazama. Kwenye nguzo ile, juu kidogo ya kichwa chake, alikuwa amegongomea kibao cha mbao chenye nambari yake ya kulipia kwa simu, imeandikwa kwa rangi nyekundu.

"Hiyo pia iingie," akasema. "Ukiitoa wateja watalipia wapi?"

Nikapiga. Nilimchapishia nakala mbili za inchi 8 kwa 10, bila kukata hata unywele. Moja aliitundika chumbani kwake. Ya pili binti aliiweka ndani ya daftari ili isikunjike, na siku ya Jumatatu akaenda nayo shuleni.